Mkono kwenye Bega la Mwikwabe

Asubuhi ile Wegesa alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote bila kugundua. Mama yake, Mama Dorotea, aliyekuwa upande wa pili wa meza akichambua dagaa, aligundua. Mama Dorotea alikuwa mtu wa kuona mambo na kuyaweka akiba.

Ilikuwa Jumamosi, na kwa Wegesa Jumamosi zilikuwa zimeacha kuwa siku za kawaida tangu mwaka uliopita. Siku nyingine za juma alikuwa fundi cherehani wa Kamunyonge, mshona sare za shule, mwenye futi shingoni na pini mdomoni. Ikifika Jumamosi alifunga kitambaa cha bluu kichwani, akaenda Makoko kufundisha katekisimu. Chama chao kilikuwa na jina refu ambalo padre peke yake ndiye aliyelitamka lote. Watu wengine wote walikiita Mafundisho. Hawakuwa masista, wala hawakulipwa. Walikuwa muuza sangara, nesi mstaafu, fundi baiskeli na wengine wa namna hiyo, watu wenye shughuli zao waliojitolea kufundisha dini watoto na wakubwa. Mwenyekiti wao alikuwa huyo muuza sangara, Mama Dorotea mwenyewe.

Na Jumamosi hizo ziliharibiwa na ng'ombe.

Ng'ombe wa padre aliugua, akaitwa kijana mmoja mwenye duka la dawa za mifugo pale Kabasa, Bunda. Jina lake Mwikwabe. Kwao Butiama, kwenye boma la wafugaji ambao kanisa walilijua kwa kusikia kengele tu. Alimchoma ng'ombe sindano, akaambiwa asubiri aone kama homa itashuka. Akakaa kwenye ukingo wa kibaraza, mahali ambapo Wegesa alikuwa anafundisha watoto.

"Nani aliyekuumba?" Wegesa aliuliza.

"Mungu ndiye aliyeniumba," watoto wakaitika kwa pamoja.

Wegesa alipoinua macho akamkuta yule mgeni anamtazama, mdomo wazi kidogo, utadhani ni yeye aliyeulizwa. Jumamosi iliyofuata ng'ombe alikuwa mzima, lakini Mwikwabe alikuja kumwangalia. Iliyofuata akaja tena. Hakuna ng'ombe katika mkoa wote wa Mara aliyewahi kupimwa afya namna ile. Mwishowe padre akamwambia, "Kijana, kama ni mafundisho unayataka, omba mafundisho, umwache ng'ombe wangu ale majani."

Akaomba. Darasa la wakubwa lilikuwa limekwenda mbali, kwa hiyo walimweka kwanza na watoto. Alikaa kwenye benchi lao fupi, magoti yakakaribia kidevu, akaimba nao, akasimama kujibu maswali kama wao. Na kila alipoulizwa swali, kabla ya kujibu alimtazama Wegesa usoni. Hata alipopandishwa darasa la wakubwa, linalofundishwa na wawili hao, mama na mwana, tabia hiyo haikumtoka. Mama Dorotea akiuliza, Mwikwabe atamtazama kwanza Wegesa, ndipo ajibu.

Hawakuwahi kuambiana neno la mapenzi. Mafundisho walikuwa na kanuni yao: mwalimu hana mazoea na mwanafunzi mpaka maji ya ubatizo yamemkaukia kichwani. Wegesa aliishika kanuni hiyo kwa mdomo. Kwa moyo alikuwa ameshaivunja zamani. Akiwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, alikuwa anamwona Mwikwabe akifuta ubao, akibeba mabenchi mawili kwa mkono mmoja, akicheka na yule mtoto mtundu, Kija, aliyemwita "mwanafunzi mrefu". Mishono ya sare ikaenda upande na wateja wakalalamika.

Mama Dorotea hakupendezwa hata kidogo.

"Kutoka Kabasa mpaka hapa Makoko amepita makanisa mangapi?" aliwahi kumuuliza binti yake. "Yote hayo hayafundishi? Huyo hamtafuti Mungu, anatafuta mtu. Na mwanaume anayebatizwa kwa ajili ya mwanamke, akishampata mwanamke, Mungu anamwachaga mlangoni."

Sasa kesho yake ilikuwa Jumapili ya Pentekoste, siku ya ubatizo wa wakubwa. Leo jioni mazoezi ya mwisho. Kesho maji. Na kesho kutwa, Wegesa alijiambia huku akikoroga chai yake ya chumvi, kesho kutwa kanuni haipo tena.

*

Jioni Wegesa alimkuta Mwikwabe chini ya kanisa, kwenye mawe makubwa ya ufukweni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Ziwa lilikuwa limetulia, na mbali kule maji na mbingu vilikuwa rangi moja. Vijidudu vya ziwani vilipanda angani kama moshi. Upepo ulileta harufu ya dagaa walioanikwa, harufu ambayo Wegesa aliizoea tangu utoto, na jioni hii hata hiyo ilimpendeza.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu," alisema Mwikwabe.

"Milele, amina. Mbona uko huku? Wenzako wako juu."

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Nina neno."

Wegesa alikaa kwenye jiwe, mbali naye kidogo kama kanuni ilivyotaka, karibu naye kidogo kama moyo ulivyotaka. Alijifanya anaangalia mtumbwi uliokuwa unaingia.

"Sema tu."

"Nimeanza kwa mama yako," Mwikwabe alisema taratibu. "Sikutaka kupita dirishani. Juzi nimetoka dukani mapema, nikaenda nyumbani kwenu, wewe ulikuwa kwa cherehani. Nimemwamkia, nimekaa, nimemweleza. Nilijuaga atanifukuza."

"Akasemaje?" Sauti ya Wegesa ilikuwa ndogo.

"Amekubali. Tena amecheka. Amenipa na ugali na sato, nikala."

Dunia ilisimama. Wegesa aliona mambo mengi kwa mara moja: nyumba ndogo Kabasa yenye mapazia aliyoyashona mwenyewe, mtoto mwenye magoti marefu kama baba yake, mama yake akija kuwatembelea na kikapu cha samaki. Aliona yote hayo juu ya maji, na hakutaka kupepesa jicho yasije yakaondoka.

"Mwikwabe," alinong'ona, "umemwomba nini hasa?"

"Nimemwomba wewe unisimamie kesho. Uwe mama yangu wa ubatizo."

Mtumbwi uligusa mchanga. Wavuvi wakarukia majini, wakacheka kwa jambo lao. Wegesa aliwasikia kwa mbali sana.

"Mama yako wa ubatizo," alirudia.

"Ndiyo." Uso wa Mwikwabe ulikuwa unang'aa kwa furaha. "Kwetu mtu akikusimamia siku yako ngumu, huyo amekuwa wako mpaka kufa. Hata mgombane, hamwezi kuachana. Nikafikiri, katika watu wote, mimi nataka nani asimame nyuma yangu? Nikaona ni wewe. Wanaume wenzangu wamechagua wanaume wenzao, wananicheka, lakini mama yako amesema haikatazwi. Amesema ni wazo zuri sana."

"Amesema hivyo?"

"Kabisa. Amesema, 'Ni wazo zuri sana, mwanangu.' Ameniita na mwanangu."

Wegesa alisimama, akakung'uta sketi ambayo haikuwa na vumbi. Alikuwa na machozi na hakutaka yaonekane. Jumamosi ile ya somo la wasimamizi Mwikwabe hakuwepo, alikuwa Butiama, ng'ombe wa baba yake walikuwa wanakohoa. Hakujua kitu ambacho kila bibi wa Makoko anakijua: aliyekushika bega kwenye maji ni mzazi wako, na mzazi haolewi na mwanawe. Angeweza kumwambia pale pale. Lakini hasira na aibu zilimzuia. Mwaka mzima wa kutazamana, kumbe mwenzake alikuwa anatafuta mama.

"Twende," alisema. "Tunachelewa."

"Hujafurahi, Mwalimu?"

"Nimefurahi," akajibu, akampa kisogo.

*

Alimkuta mama yake kwenye kibaraza, anapanga mishumaa.

"Mama, ulijua."

"Nimejua nini?"

"Akishasimamiwa na mimi, mimi ni mama yake. Hakuna mtu Makoko atakayekubali."

Mama Dorotea alinyoosha utambi wa mshumaa mmoja kwa vidole, bila haraka. "Atakayekubali nini? Kwani kuna mtu alikuwa anaolewa? Mbona mimi sina habari?"

Ni kweli, Wegesa hakuwa amewahi kumwambia mtu, hata yeye mwenyewe Mwikwabe. Kanuni ilikuwa imemfunga mdomo, na mama yake alikuwa ameutumia mdomo huo huo uliofungwa.

"Padre anasema siku hizi sheria ya kanisa haikatazi," alijaribu.

"Sheria ya kanisa ni kitu kingine. Macho ya watu ni kitu kingine. Wewe unaishi na macho ya watu." Kisha sauti yake ikalainika. "Wegesa, mimi sikuchukii. Baba yako alibatizwa kwa ajili yangu. Alisimama hapo mbele na suti ya kuazima, nikalia kwa furaha. Baada ya harusi hakukanyaga tena kanisani mpaka siku tulipomleta kwenye jeneza. Miaka yote hiyo nilikuwa nakwendaga kusali peke yangu, na benchi lina nafasi ya watu wawili. Sitaki ukae kwenye benchi hilo."

Wegesa hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alimtazama mama yake, kitambaa cha bluu kilichofifia kwa kufuliwa, mikono iliyonuka samaki na nta. Hasira yake ikapungua, na hapo ndipo alipoumia zaidi, kwa kuwa sasa hakuwa na mtu wa kumchukia.

*

Kanisani jua la jioni liliingia kwa madirisha ya upande wa ziwa, likatandika mikeka ya mwanga sakafuni. Wakatekumeni, wale waliojiandaa kubatizwa, walijipanga mbele, na watoto, ambao hawakutakiwa kuwepo, walikuwa wamejazana madirishani.

"Tufanye kama kesho," alisema Mama Dorotea. "Mimi ni padre. Nikimwita mtu anasogea, msimamizi wake anakuja nyuma yake, anaweka mkono wa kulia kwenye bega la kulia. Haondoi mkono mpaka maji yamwagwe. Dorah."

Dorah akasogea, nesi mstaafu akamshika bega. Ikaenda vizuri. Akaitwa Gody, naye akapita. Mzee Makongoro, fundi baiskeli, alikuwa ameketi benchi la nyuma mikono ikiwa mapajani, kwa kuwa kijana aliyekuwa amsimamie alihamia Mwanza kabla ya kumaliza mafundisho.

"Mwikwabe, utakayeitwa Boniphace."

Mwikwabe akasogea. Shati lake jeupe liliingia kwenye mwanga. Wegesa alitembea mpaka nyuma yake, akasimama. Hakuwahi kuwa karibu naye namna ile. Aliona kovu dogo shingoni, aliona nywele zilivyonyolewa upya, alisikia harufu ya sabuni na, chini ya sabuni, harufu ya dawa za mifugo ambayo haitokagi. Bega lilikuwa pale, pana, likisubiri. Usiku mwingi alikuwa ameota kuliwekea mkono bega hilo, na sasa aliruhusiwa, tena mbele ya watu wote.

Akainua mkono. Mkono ukaishia hewani.

"Mkono, Wegesa," alisema mama yake.

"Siwezi, Mama."

Mwikwabe akageuka, na ule uso uliokuwa unang'aa kule ufukweni ukawa umezimika.

"Nimekukosea nini, Mwalimu?"

Wegesa aliteremsha mkono. Alijua akisubiri kidogo tu hatasema tena maisha yake yote, kwa hiyo akasema kwa sauti ile ile ya kufundishia, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoizoea.

"Kuna somo hukulisikia. Ulikuwa Butiama. Msimamizi ni mzazi. Nikikushika hapa, kuanzia kesho mimi ni mama yako na wewe ni mtoto wangu, na watu wa hapa hawatasahau. Nitakuja kwenye harusi yako nikae upande wa wazazi." Akamtazama usoni. "Na mimi sitaki kuwa mama yako, Mwikwabe. Nakupenda. Nimekupenda tangu ng'ombe."

Dirishani Kija aliangua kicheko, akazibwa mdomo na wenzake.

"Mimi nilidhani ndiyo njia ya kuwa na wewe siku zote," alisema Mwikwabe polepole, kama mtu anayeamka. "Nilikuwa najifungia mlango kwa mkono wangu."

"Na mlango umeshafungwa," alisema Mama Dorotea. Alikuwa amesimama palepale pa padre. "Majina ya wasimamizi yameshakwenda kwa padre. Anayeweza kuyabadilisha ni mwenyekiti, na mwenyekiti hajabadilisha. Kwa hiyo chagua, kijana. Kesho ubatizwe huku Wegesa amekushika bega, au usubiri Pentekoste nyingine."

Watu waliguna. Wegesa aliuona mtego wote, na hakuona pa kupenyea. Mwikwabe akikubali, yeye amempoteza. Akisubiri, mama atasema, mnaona, alimfuata msichana. Mwikwabe naye aliuona. Alifuta jasho kwa kiganja.

"Nitasubiri, Mama," alisema. "Nitarudi kwenye benchi la watoto."

"Nilijua. Kwa ajili ya binti yangu."

"Mama, hapa ni kanisani, siwezi kukudanganya. Mwanzo nilikujaga kwa ajili yake. Ng'ombe alishapona zamani, hata padre anajua." Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. "Lakini unakumbuka kipindi kile cha mvua, Wegesa alipolazwa na malaria? Ukawa unafundisha peke yako."

Mama Dorotea alirekebisha kitambaa chake kichwani.

"Jumamosi ya kwanza nilifika, nikaambiwa hayupo. Nikasema nikae kidogo halafu niondoke. Nikakaa mpaka mwisho. Iliyofuata nilijua kabisa hayupo, na barabara ilikuwa tope tupu, nikaja. Nilipokuwa narudi Bunda nimelowana ndio nikajiuliza, sasa leo nimekuja kwa nani? Ndipo nilipojijua. Siku hiyo nilikuuliza habari ya yule mwizi wa msalabani, aliingiaje peponi na hakubatizwa. Ukaniambia utanijibu. Mpaka leo hujanijibu, Mama. Nimekuwa nasubiri jibu lako. Hata mwaka mwingine nitasubiri."

Wegesa alimtazama mama yake, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Mama Dorotea alikuwa ameinamisha kichwa. Alilikumbuka swali hilo, alikuwa amekwenda nalo nyumbani, akalilalia na kuamka nalo. Alikumbuka na mvua ile ilivyopiga bati, na kijana mmoja kwenye mabenchi matupu, amelowa mpaka viatu, anamsikiliza yeye, mwanamke mzee muuza samaki, kwa masikio mawili. Alikuwa amelijua hilo muda wote. Alikuwa ameliona na kuliweka akiba, na akaogopa kulitumia.

"Jibu sina," alisema hatimaye. "Nafikiri aliomba tu."

Alipangusa jicho kwa pembe ya kitambaa chake cha bluu, kisha akatazama benchi la nyuma.

"Mzee Makongoro, mkono wako wa kulia bado una nguvu?"

"Unafunga nati mpaka leo," alisema Mzee Makongoro.

"Basi uje nao huku."

Mzee akaja akiburuza kandambili, na watu walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja, na Wegesa alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta uliopashwa na jua. Alijiona anaelea, yuko kanisani na hayuko. Mkono ule wa grisi ukatua kwenye shati jeupe, ukaacha alama, na hakuna aliyejali.

"Tunaanza upya," alisema Mama Dorotea, na sauti ya mwenyekiti ikamrudia. "Boniphace Mwikwabe. Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

Hilo ndilo swali ambalo Mwikwabe hakuwahi kulijibu bila kumtazama Wegesa kwanza. Darasa zima lilijua, na Wegesa pale ukutani aliandaa uso wake kumpokea, kama alivyozoea. Watoto madirishani nao waligeuka kumwangalia yeye.

Mwikwabe hakugeuka. Alitazama mbele.

"Imani," akasema.

Mwaka mzima Wegesa alikuwa ameyasubiri macho yale kila Jumamosi. Leo yalipompita, alifurahi mpaka akafunika mdomo kwa mkono wake wa kulia. Mama Dorotea aliona hilo pia, na safari hii hakuliweka akiba.

"Huo mkono utunze," alimwambia binti yake mbele ya watu wote. "Utakuwa na kazi."